Shabiki kama Mhakiki: Hadhira na Hukumu katika Michezo ya Video, Filamu na Siasa

Kiswahili kina neno moja la kumtaja mtu anayepiga mayowe uwanjani Gor Mahia inapopambana na AFC Leopards, yule anayehesabu siku akisubiri filamu ya mhusika ampendaye, na yule anayeitikia kila atamkalo kiongozi wa chama chake. Wote watatu ni mashabiki. Lugha haikukosa maneno mengine: kuna mpenzi, kuna mfuasi, na kuna mkereketwa, neno ambalo siasa za vyama nchini Tanzania zililipa ukali wa pekee. Hata hivyo, shabiki ndilo lililotamalaki, na limetamalaki likiwa na nyuso mbili. Ushabiki wa mpira ni utani. Mtu huukiri akicheka. Ushabiki wa kisiasa ni lawama. Nchini Kenya, ambako zaidi ya watu 1,000 waliuawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, lawama hiyo haihitaji kufafanuliwa.

Makala haya yanauchunguza ushabiki ulio kati ya hizo nyuso mbili, yaani ule wa michezo ya video na filamu. Katika miaka ya karibuni ushabiki huu umejitwalia mamlaka ya kuhukumu kazi, kudai kazi hiyo ibadilishwe na, mara nyingine, kuiadhibu kampuni iliyoitoa kwa sababu za kisiasa. Idara za fasihi zimezoea kuupuuza kama kelele za vijana. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuandika tasnifu juu yake huulizwa kwanza kama hakuona riwaya ya kuchambua. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba shabiki ni mhakiki halisi, tena aghalabu ni msomaji makini kuliko wengi wanaolipwa kwa kusoma, hadi hukumu yake inapotakiwa kupingana na mapenzi yake. Hapo ndipo uhakiki wake unapopimwa, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Nadharia ya upokezi haikuwa imejiandaa kumpokea mtu huyu. Jauss aliueleza upeo wa matarajio ambao msomaji huja nao katika kazi. Iser naye akaonyesha jinsi msomaji anavyoziba mapengo yaliyoachwa na matini. Kwa wote wawili, kazi imekwisha kutungwa, na msomaji anashughulika upande wake wa meza. Henry Jenkins, katika kitabu chake Textual Poachers cha 1992, alisogea mbele kwa kuwachukulia mashabiki wa televisheni kuwa watunzi wa pembeni, wanaochota kutoka kazi za wengine na kujitungia za kwao. Lakini hata shabiki wa Jenkins hakuwa na nguvu ya kumrudisha mtunzi mezani. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangazwa sana na nguvu hiyo, kwa kuwa fanani hutamba mbele ya hadhira inayoweza kumkatiza, kumkosoa au kumwondokea. Katika maandishi, kisa kinachotajwa mara kwa mara ni cha Arthur Conan Doyle, aliyemuua Sherlock Holmes mwaka 1893 na, baada ya miaka kumi ya kulalamikiwa na wasomaji, akamfufua mwaka 1903. Tofauti ya leo ni kasi. Doyle alipewa miaka kumi. Kampuni ya michezo ya video ilipewa wiki chache.

Mchezo huo ni Mass Effect, na kisa chake kinastahili kukaliwa. Ulitungwa na kampuni ya BioWare ya Edmonton, Kanada, ukatolewa katika sehemu tatu: 2007, 2010 na 2012. Mchezaji humwendesha Kamanda Shepard, askari anayejaribu kuyaunganisha mataifa ya sayari mbalimbali dhidi ya Reapers, mashine zinazorudi kila baada ya miaka 50,000 kuziangamiza jamii zilizostaarabika. Upekee wa kifani wa kazi hii ni kumbukumbu yake. Uamuzi wa mchezaji katika sehemu ya kwanza huhifadhiwa na kupelekwa katika sehemu ya pili na ya tatu. Mhusika aliyeachwa afe mwaka 2007 hayupo mwaka 2012, na mahali pake pana mtu mwingine au pana ukimya. Riwaya haiwezi kufanya hivyo. Hapa msomaji anabeba dhamana ya msuko kwa muda wa miaka mitano.

Sehemu ya tatu ilipotolewa Machi 2012, mchezaji alifika mwisho na kusimamishwa mbele ya njia tatu tu, kila moja na rangi yake: nyekundu, buluu na kijani. Njia yoyote aliyoichagua, picha zilizofuata zilikuwa karibu zile zile, zikitofautiana hasa kwa rangi ya mwako. Mamia ya maamuzi yaliyotunzwa tangu 2007 hayakuonekana popote. Kilio kilikuwa kikubwa, na kilitoka katika vinywa viwili ambavyo wachambuzi wengi wa wakati huo hawakuvitenganisha.

Kundi moja la mashabiki lilichanga fedha na kuipelekea BioWare vikeki takriban 400, vilivyopakwa sukari ya rangi nyekundu, buluu na kijani. Vyote vilikuwa na ladha moja. Ni vigumu kupata katika majarida ya uhakiki hukumu ya umbo na maudhui iliyo fupi na kali kama hiyo. Vikeki hivyo vilieleza, bila neno hata moja, kwamba uchaguzi unaotofautiana kwa sura pekee ni uchaguzi wa uongo, na kwamba mwisho wa kazi ulikuwa umeivunja kanuni ambayo kazi yenyewe iliiweka. Hii ni hoja ya kifani. Mashabiki wengine walikwenda mbali zaidi wakajenga fasiri nzima: kwamba matukio ya mwisho hayakutokea, na kwamba Shepard alikuwa ametekwa akili na maadui zake, jambo ambalo hadithi yenyewe ilikuwa imewaonyesha wahusika wengine wakifanyiwa. Walikusanya ushahidi kutoka ndoto za mhusika, kutoka mtoto ambaye hakuna mwingine anayeelekea kumwona, kutoka vivuli vilivyo pembeni mwa picha. Fasiri hiyo huenda haikuwa katika nia ya watunzi. Lakini jinsi ilivyojengwa, kwa kurejea matini hatua kwa hatua, ni jinsi ile ile inayofundishwa katika madarasa ya uhakiki, na mara nyingi kwa mafanikio madogo zaidi.

Kinywa cha pili kilikuwa cha mteja. Shabiki mmoja nchini Marekani alipeleka malalamiko kwa tume ya serikali inayosimamia biashara, akidai kwamba mchezo ulitangazwa kwa ahadi zisizo za kweli. Kisheria pengine ana haki ya kuuliza. Kiuhakiki, hata hivyo, amehama uwanja. Yule wa vikeki anasema kazi imejisaliti. Huyu anasema ameuziwa bidhaa mbovu. Wa kwanza anaweza kujibiwa kwa hoja, wa pili kwa kurudishiwa fedha. Tatizo ni kwamba kwa kampuni vinywa vyote viwili vinasikika kama sauti moja, kwa sababu vyote vinaandikwa katika daftari moja la mauzo.

Juni 2012 BioWare ilitoa mwisho uliorefushwa, bila malipo. Ulieleza yaliyokuwa yamefichika, ukaonyesha hatima ya wahusika, na ukaongeza njia ya nne: mchezaji anaweza kuzikataa njia zote tatu. Anayekataa anashindwa, Reapers wanaikamilisha kazi yao, na ni jamii za kizazi kitakachofuata zitakazopata ushindi. Baadhi ya mashabiki waliona humo jibu la kejeli kutoka kwa watunzi. Anayezijua tungo za kujibizana za washairi wa Mombasa hawezi kushindwa kuitambua mbinu hiyo: aliyepigwa shairi hujibu kwa shairi, na jibu huanzia pale palipomchoma.

Je, hadhira inayoirekebisha kazi inaidhalilisha? Swali hili lilikwisha kujibiwa Limuru. Mwaka 1977, katika kituo cha Kamĩrĩĩthũ, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walifanya mazoezi ya Ngaahika Ndeenda hadharani, wanakijiji wakitazama na kusahihisha. Ngũgĩ ameeleza katika Decolonising the Mind (1986) jinsi wazee walivyorekebisha lugha na nyimbo za sherehe, na jinsi wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata walivyoketi wakapiga hesabu ya jasho lao ili kuwaeleza watu ambao hawakuwahi kufanya kazi kiwandani. Tamthilia ilipata nguvu kutokana na masahihisho hayo, na serikali ilitambua nguvu hiyo: leseni iliondolewa Novemba mwaka huo, na kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ alikuwa kizuizini. Hadhira ya Kamĩrĩĩthũ ilikosoa kwa sababu ilikijua kinachosimuliwa kuliko waandishi. Shabiki wa Mass Effect naye, kwa kiasi kidogo zaidi na bila hatari yoyote ya kufungwa, alikosoa kwa sababu aliijua kazi kuliko waliouharakisha mwisho wake. Mamlaka ya hadhira katika visa vyote viwili yanatoka katika maarifa.

Pasipo na maarifa yanayohitajika, mamlaka hayo huwa ya jicho tu. Aprili 2019 kionjo cha filamu ya Sonic the Hedgehog kilionyesha nungunungu wa buluu mwenye meno ya binadamu. Watazamaji walichukizwa, siku chache baadaye mwongozaji Jeff Fowler akaahidi sura mpya, na filamu ikasogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020. Ilipata faida na kuzaa nyingine mbili, 2022 na 2024. Hakuna la kuhakiki hapo, ila jambo moja linalopitwa kila kisa hiki kinaposimuliwa kama ushindi wa mashabiki. Tawi la Vancouver la kampuni ya MPC, mojawapo ya zilizoitengenezea filamu hiyo picha, lilifungwa Desemba 2019 kwa sababu zilizotajwa kuwa za kibiashara. Filamu ilionyeshwa miezi miwili baadaye. Shabiki aliyefurahia sura mpya hakuwa na njia ya kuijua mikono iliyoichora.

Mtihani wenyewe wa ushabiki ulikuja Juni 2020, katika The Last of Us Part II. Mchezo wa kwanza, uliotolewa na Naughty Dog mwaka 2013, ulimsimulia Joel, mlanguzi aliyepoteza binti yake siku ugonjwa wa kuvu ulipoiangamiza Marekani. Anapewa kazi ya kumvusha nchi nzima Ellie, msichana ambaye ugonjwa haumdhuru. Mwishoni Joel anagundua kwamba dawa itapatikana kwa kumuua Ellie, naye anawaua madaktari ili kumwokoa, kisha anamdanganya. Wachezaji walimpenda Joel kwa miaka saba. Sehemu ya pili inaanza kwa kumuua, kwa kipigo cha muda mrefu, mikononi mwa mwanamke wasiyemjua aitwaye Abby.

Kinachofuata ni hila ya usimulizi ambayo ni nadra kupata mfano wake. Kwa nusu ya kwanza mchezaji ni Ellie, akiwasaka wauaji kwa siku tatu katika mji wa Seattle, na anaua kwa hamu. Kisha hadithi inarudishwa nyuma, na siku zile zile tatu zinachezwa tena, mchezaji sasa akiwa Abby. Anajifunza kwamba Abby ni binti wa daktari aliyeuawa na Joel. Anakutana, wakiwa hai na wakicheka, na watu aliokwisha kuwaua kwa mkono wake mwenyewe. Hatimaye analazimika kubonyeza vitufe ili kumpiga Ellie. Filamu ingemwonyesha upande wa pili. Mchezo unamtia mtazamaji ndani ya ngozi ya adui na kumkatalia kusonga mpaka apigane kwa niaba yake. Kwa maneno mengine, kazi hii imelifanya pendo la shabiki kuwa dhamira yake, na imelipeleka kizimbani.

Shabiki alijibuje? Sehemu za msuko zilikuwa zimevuja mwezi Aprili, na wengi walitoa hukumu kabla hawajacheza. Siku mchezo ulipotolewa, maelfu ya watu waliupa alama ya sifuri katika tovuti ya Metacritic katika muda wa saa chache, ilhali kazi yenyewe huchukua zaidi ya saa ishirini kuimaliza. Mwezi uliofuata tovuti hiyo iliweka utaratibu wa kuwazuia watumiaji kutoa alama kwa saa 36 baada ya mchezo kutolewa. Mwigizaji Laura Bailey, aliyempa Abby sauti, alitishiwa kuuawa. Mwigizaji alitishiwa kwa kosa la mhusika. Hata mtoto anayesikiliza ngano ya fisi hamchukii bibi anayemsimulia. Hapa ushabiki wa burudani na ushabiki wa kisiasa ulikuwa umekwisha kuwa kitu kimoja: mtu wetu ameuawa, na atakayetaka kumsikiliza aliyemuua ni msaliti.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuiacha picha hiyo kana kwamba ndiyo nzima. Mwongozaji wa mchezo, Neil Druckmann, mzaliwa wa Israeli, alieleza mwaka 2020 kwamba chanzo kimojawapo cha hadithi kilikuwa picha za kuuawa kwa askari wawili wa Israeli mjini Ramallah mwaka 2000, na hamu ya kisasi aliyoihisi moyoni mwake alipoziona, hamu ambayo baadaye ilimtia aibu. Walitokea wachezaji na wahakiki walioichukua kauli hiyo wakaisoma kazi upya. Waliuliza kama hadithi inayoueleza ugomvi wote kuwa mzunguko wa visasi haizifichi tofauti za nguvu baina ya wanaogombana. Kama kuziweka pande mbili kwenye mizani sawa si msimamo wa kisiasa unaojifanya kuwa huruma. Huo ni uhakiki wa itikadi, na ni mgumu kwa sababu unatolewa na watu walioufuata mchezo hadi mwisho, wengine wakiupenda. Wao waliipinga kazi ilipokuwa na nguvu kuliko mahali pengine pote. Wenye sifuri hawakufika hapo.

Wahakiki wa Kiswahili wasijitoe upesi katika aibu hii. Kichomi ya Kezilahabi ilipotolewa mwaka 1974 ikiwa na mashairi yasiyofuata vina na mizani, mgogoro ulioibuka uligawa wataalamu katika kambi mbili kwa miaka mingi. Zilikuwapo hoja nzito pande zote. Palikuwapo pia wasomi ambao hukumu yao ya shairi ilijulikana kabla ya shairi kusomwa, kwa kutazama tu umbo lake katika ukurasa. Tovuti ya kutolea alama haikuwapo. Kama ingekuwapo, sifuri zisingekosekana.

Lakini siasa haikumharibu shabiki kila ilipomfikia. Oktoba 2019, mchezaji wa kulipwa wa Hearthstone kutoka Hong Kong, ajulikanaye kwa jina la Blitzchung, alihojiwa baada ya mchuano akiwa amevaa kinyago cha waandamanaji, akatamka wito wa ukombozi wa mji wake. Kampuni ya Blizzard ilimnyang'anya zawadi na kumfungia mwaka mmoja. Watangazaji wawili waliokuwa wakimhoji nao wakaachishwa. Ilijulikana kwamba kampuni ya Kichina ya Tencent ilimiliki takriban asilimia 5 ya hisa za kampuni mama, Activision Blizzard, na kwamba soko la China lilikuwa kubwa.

Mashabiki walijibu kwa kusoma. Makao ya Blizzard huko Irvine, California, yana sanamu iliyozungukwa na vibao vyenye maadili ya kampuni, kimojawapo kikisema kwamba kila sauti ina thamani. Wafanyakazi wenyewe walikifunika kibao hicho kwa karatasi, na picha yake ikasambaa. Mashabiki nao walimchukua Mei, mwanasayansi wa Kichina wa tabianchi katika mchezo wa Overwatch, mali ya kampuni hiyo hiyo, wakamchora akiwa na kinyago na bendera ya waandamanaji. Nia yao ilikuwa wazi: kumfanya mhusika awe hatari kwa kampuni katika soko lile lile iliyotaka kulilinda. Ni ufasiri wa makusudi, unaomnyang'anya mtunzi mhusika wake na kumpa usemi ambao mtunzi hathubutu kuutamka. Na safari hii shabiki hakudai kufurahishwa. Aliidai kazi aliyoipenda iishi kulingana na maneno yake yenyewe, na alikuwa tayari kuiacha.

Au karibu kuwa tayari. Siku chache baadaye Blizzard ilirudisha zawadi na kupunguza adhabu hadi miezi sita. Mwezi wa Novemba kampuni ilifanya tamasha lake la kila mwaka huko Anaheim, na mkuu wake, J. Allen Brack, aliomba radhi jukwaani kwa namna jambo lilivyoshughulikiwa, bila kuifuta adhabu. Nje ya ukumbi waandamanaji waligawa bure fulana zenye picha ya Mei mtetezi wa Hong Kong. Wengi walizipokea, wakazivaa, wakaonyesha tiketi zao mlangoni na kuingia. Ndani, Diablo IV na Overwatch 2 zilipotangazwa, ukumbi ulilipuka kwa shangwe, na fulana hizo zilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakishangilia.